Mashine ya Kuchungulia Kona

Dada yangu hakuwahi kuipenda kazi yangu, na hakuwahi kunificha. Wageni wakimtembelea alikuwa akinitambulisha hivi: "Huyu ni mdogo wangu, amesoma weee, mpaka amekuwa mpiga picha za ukuta." Wageni wanacheka, na mumewe, shemeji yangu fundi pampu, anajaribu kunitetea. Anasema hata yeye kazi yake ni kuyahamisha maji kutoka shimo moja kuyapeleka jingine, mbona hachekwi. Mimi nanuna. Hasira zangu ziko karibu, nyumbani wote wanajua, na dada alikuwa akizichokoza kwa makusudi.

Kwa hiyo aliponipigia simu asubuhi ile na kuniuliza bila hata salamu, "Mashine yako inaona nyuma ya kona, ndiyo au siyo?" nilidhani ni dhihaka nyingine. Nikamjibu kwa mkato kwamba inaona, ikipewa giza na muda.

"Basi ilete handakini. Paa limeanguka tangu alfajiri, na shemeji yako yuko ndani."

Sauti yake haikutetemeka. Dada ni mwalimu mkuu, ana sauti ya kunyamazisha uwanja mzima wa wanafunzi, na hiyo ndiyo aliyoitumia. Mimi ndiye niliyetafuta kiti.

Maabara tuko wawili. Mwenzangu tunamwita Desimali, kwa sababu ukimuuliza saa ngapi atakutajia mpaka sekunde, na ukimwambia "karibu mita tatu" atakuuliza karibu kiasi gani. Tulibeba mashine, betri na nyaya, tukapakia nyuma ya pikapu ya idara, tukaondoka bila kumuaga mkubwa wetu. Desimali ndiye aliyeendesha.

Kazi ya mashine yenyewe si ya uchawi, ingawa dada angependa kuiita hivyo. Tunapiga leza kwenye ukuta tunaouona. Mwanga ukigonga ukuta unatawanyika kila upande, na kidogo kinaingia nyuma ya kona tusikokuona. Huko kinagusa chochote kilichopo, kinarudi ukutani, na kutoka ukutani kinaturudia sisi, dhaifu kupindukia. Kilichochelewa zaidi kimetoka mbali zaidi. Ukipiga ukuta sehemu nyingi na kupima kila ucheleweshaji, kompyuta inaweza kukuchorea umbo la kilichojificha. Ni kama ukiwa kitandani, ukamsikia mtu koridoni, ukajua amefika mlango gani bila kumwona. Sisi badala ya sikio tunatumia mwanga.

Handaki lilikuwa la kupitisha bomba la maji chini ya kilima. Yalikuwa mawili, la kwanza na la pili, yakichimbwa sambamba. Paa lilianguka katika la kwanza. Mhandisi mkuu alitupokea langoni, kofia ya chuma kichwani, macho mekundu kwa vumbi. Hakuwa mtu wa maneno. Aliikunjua ramani juu ya boneti ya gari letu, akaweka kidole.

"Hapa handaki linapinda kushoto. Nyuma tu ya kona kuna kichumba cha pampu. Ukiendelea mbele sana unafika mwisho wa handaki. Nyapara alimwona fundi akielekea ndani kwenda kuzibua bomba. Sasa, au alishafika mwisho, au alikuwa bado kwenye kichumba cha pampu. Hatuwezi kuifikia kona, paa bado linadondosha mawe. Tumeita kwa kipaza sauti, tunajibiwa na mwangwi. Tumepeleka kamera juu ya kigari, jiwe limekilalia."

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo natoboa kutoka juu ya kilima. Nina mtambo mmoja. Pampu imezimika, maji yanapanda humo ndani. Nikitoboa asipokuwepo, maji yatamfikia kabla yangu. Niambie yuko nyuma ya kona au hayuko, basi."

Dada alikuwa amesimama nyuma yake na viatu vyake vya ofisini, vimejaa matope. Hakunisalimia. Alinitazama tu, kama anavyomtazama mtoto anayeingia kwenye chumba cha mtihani.

Tuliingia handakini mpaka mahali walipofunga utepe mwekundu. Mbele ya utepe paa lilikuwa likidondosha mawe, moja hapa, moja pale, bila haraka yoyote. Mwishoni, mbali, ulikuwepo ukuta wa zege wa ile kona. Juu ya kifusi palibaki nafasi ya kutosha mwanga kupita. Tukafunga mashine kwenye miguu yake mitatu, nikawaomba wote wazime taa za kofia. Giza lililoingia lilikuwa zito, na ndani yake nukta moja ya kijani ikatua ukutani.

"Nachukua chumba kitupu kwanza," Desimali akasema, kama anavyosema kila siku.

"Chukua," nikamjibu, kama ninavyomjibu kila siku.

Ndivyo tunavyofanya maabara. Kabla hatujaweka kitu chochote nyuma ya pazia, tunakipima kwanza chumba chenyewe kikiwa kitupu. Kisha tunaweka kitu, tunapima tena, na kompyuta inatoa kile kipimo cha kwanza kwenye cha pili. Kuta zinaondoka, meza zinaondoka, kinabaki kitu peke yake, safi. Tumefanya hivyo mara nyingi hadi mikono inakwenda yenyewe.

Nukta ya kijani ilitembea ukutani mstari baada ya mstari, ikamaliza, ikaanza upya. Mara mbili jiwe lilianguka mbele yetu na mara mbili Desimali akaikumbatia mashine kama mwanawe. Alipomaliza, kompyuta ikasaga hesabu zake, na kioo kikaleta picha. Kilikuwa cheusi kuanzia pembe hadi pembe.

Nilikitazama kwa muda. Nikatoka nje kwenye jua, na mhandisi alikuwa ananisubiri na dada pembeni yake.

"Hayupo nyuma ya kona," nikasema.

"Umeangalia vizuri?" dada akaniuliza.

"Dada, hiyo ndiyo kazi niliyosomea."

Nilimjibu hivyo, mbele za watu, siku ile. Hasira zangu hazijui kuchagua siku. Dada aliinamisha kichwa, mhandisi akanyanyua redio yake ya mkononi, akaagiza mtambo usogezwe upande wa mwisho wa handaki. Juu kilimani injini ikanguruma.

Tulikuwa kwenye pikapu tunakunja nyaya wakati Desimali aliposimama na waya mkononi, kakunja uso.

"Hata pampu haipo," akasema.

"Pampu gani?"

"Kwenye kichumba kuna pampu kubwa kama friji, iko kwenye ramani. Kwenye picha yetu mbona haionekani?"

Nilifungua mdomo kumjibu jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua, kwamba pampu imetolewa pamoja na chumba kitupu. Hapo nikalisikia neno lenyewe: kitupu. Tukatazamana, mimi na yeye. Kichumba kile hakikuwa kitupu tulipokipima mara ya kwanza. Hatukuwa na njia ya kukipata kikiwa kitupu. Chochote kilichokuwa humo bila kutikisika, tulikipima mara mbili na kukitoa chenyewe kwa chenyewe. Pampu tuliifuta. Na kama kulikuwa na mtu amelala, naye tulimfuta, kisha nikatoka nje nikamwambia mkewe kwamba hayupo.

Sijawahi kupanda kilima kwa kasi vile. Nilifika juu pumzi zimeniishia, nikamkuta mhandisi anasimamia mtambo, vijiti vya kupimia vimechomekwa ardhini, na dada yuko naye.

"Nilikosea," nikasema. "Usitoboe kwa neno langu."

Mhandisi alinigeukia taratibu. "Sasa hivi tu umesema hayupo."

"Najua nilichosema. Jibu lile si jibu. Tumepima vibaya."

"Kwa hiyo yupo?"

"Sijui."

"Mtaalamu, mimi siwezi kutoboa kwa sijui. Mtambo huu kuusogeza si kusogeza kiti."

"Na mimi siwezi kukuacha utoboe kwa uongo wangu," nikamwambia, na sauti ilinipanda kuliko nilivyotaka. "Unahitaji muda kuusimamisha sawasawa, nakuona. Nipe muda huohuo. Ukimaliza sijarudi, toboa unapotaka, na lawama zote nibebeshe mimi."

Aliutazama mtambo, akaitazama ardhi. "Tukimaliza kuusimamisha, sisubiri," akasema.

Nikajiandaa kwa dada. Nilijua nimestahili kila neno ambalo angenipa, na nilikuwa tayari nisijibu hata moja. Akaniuliza jambo moja tu.

"Unahitaji nini?"

Machozi yalinilenga, nikayarudisha yalikotoka. "Nahitaji kona kama ile," nikasema, "yenye kila kitu kilichomo kule, isipokuwa mtu."

Aliyejibu alikuwa nyapara, mtu mnene aliyekuwa amekaa juu ya pipa na uso mikononi, maana yeye ndiye aliyemtuma shemeji ndani. "Handaki la pili," akasema. "Kona ileile, kichumba kilekile. Ramani moja, na wachimbaji ni sisi haohao."

Kuanzia hapo hakuna aliyetembea, wote tulikimbia. Kulikuwa na pampu ya akiba ghalani, ya aina moja na ile. Wafanyakazi waliifunga kamba, wakaiburuta juu ya magogo mpaka ndani ya handaki la pili. Dada alivua viatu, akabeba ngazi begani. Desimali alipima umbali kutoka kona hadi mahali pa mashine, akaurudia, akaurudia tena, mpaka nikamwambia nitamtia kofi.

"Sentimita mbili zaidi," akasema, akaisogeza mashine, akatulia.

Nyapara ndiye aliyepanga vitu, kwa sababu yeye ndiye aliyekitazama kichumba mara ya mwisho. Alikuwa akifumba macho, anaonyesha kwa mkono.

"Toroli hapa, karibu na pampu."

"Limesimama au limelala?" nikamuuliza.

"Limesimama."

"Una hakika?"

"Hapana, subiri. Limelala, gurudumu juu. Nilimgombeza mtu kwa ajili hiyo."

Tukalilaza. Ngazi tukaiegemeza ukutani, ikarudishwa kidogo kushoto, ikasogezwa tena kulia. Mtu akipita angetuona vichaa, watu wazima tunabishana pembeni mwa toroli na roho ya mwenzetu iko mashakani. Kisha tukatoka wote kwenye kona, taa zikazimwa, na nukta ya kijani ikaanza kutembea. Nilitamani kuisukuma kwa mkono. Juu yetu, kwa mbali, tulisikia mtambo ukijaribiwa.

Kile kipimo cha handaki la kwanza bado tulikuwa nacho, hakikuwa na kosa chenyewe. Kosa lilikuwa tulichokitoa. Sasa Desimali akaiambia kompyuta ikitoe chumba cha handaki la pili, chumba kitupu cha kweli, au cha kukaribia ukweli. Sikuweza kukaa. Nilisimama nyuma yake, dada ubavuni kwangu, nyapara nyuma yetu akipumua kama mvukuto.

Picha ilikuja na ukungu mwingi, kwa kuwa mahandaki hayafanani kama ramani zake. Lakini pampu ilikuwa imeondoka, toroli limeondoka, na vilibaki vivimbe vitatu. Kimoja kilikuwa juu, karibu na paa.

"Hiyo ni taa," nyapara akasema haraka. "Niliisahau, kule tulifunga taa."

Vilibaki viwili. Kimoja kilikuwa katikati ya sakafu, kikubwa. Kingine kilikuwa chini kabisa, kimejibanza ukutani upande wa ndani, kirefu kidogo, kimejikunja.

"Kimoja ni mawe yaliyoanguka," Desimali akasema.

"Au vyote viwili," nikasema. Ilinibidi niseme. Nilishamdanganya dada mara moja siku ile bila kukusudia, na nilikuwa nimekula kiapo moyoni kwamba sitasema tena nisichokiona. "Dada, mimi naona uvimbe. Nikikuambia ni mtu nitakuwa nabahatisha."

Dada aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alikiangalia kile kivimbe cha ukutani bila kupepesa. Kisha akaweka kidole, taratibu, kama anayesahihisha daftari.

"Haya ni magoti," akasema. "Ameyapandisha. Huu ni mgongo, ameupa ukuta. Na hapa mkono umeingia chini ya kichwa, ndiyo maana pananyanyuka. Nimelala na mtu huyu miaka yangu yote ya ndoa, analala hivi, na kitanda chote anakiacha wazi mbele yake."

Nyapara akasogea karibu na kioo.

"Na jiwe likimwangusha mtu," dada akaendelea, "halimwekei mkono chini ya kichwa. Huyu hakuangushwa. Huyu amejilaza mwenyewe."

Niliiangalia tena picha, na nikaona. Siwezi kueleza vizuri. Kilikuwa ukungu uleule, lakini sasa ukungu ulikuwa na magoti.

Desimali alishaanza kusoma vipimo kutoka ukutani hadi kwenye yale magoti, tarakimu zote, na kwa mara ya kwanza sikumwambia azipunguze. Nilizibeba kichwani hadi kilimani. Mhandisi alikuwa ameshika mkono wa kuwashia mtambo. Nilimweleza nilichokiona mimi, nikamweleza alichokiona dada, na nikamtenganishia hivyo viwili, ajue kipi ni kipimo na kipi ni mke. Dada alifika nyuma yangu pekupeku, akasimama.

"Unaniambia nihamishe mtambo kwa jinsi mtu anavyolala," mhandisi akasema.

"Ndiyo," nikamjibu.

"Na ukikosea tena?"

Dada akanitangulia. "Akikosea ni mume wangu atakayekufa, si wa mtu mwingine. Hamisha."

Mhandisi alimtazama, akanitazama, akauachia ule mkono. "Turudi juu ya kichumba," akawaambia watu wake. "Na tutoboe pembeni yake, tusimshukie kichwani. Nipe hizo namba."

Walitoboa mchana kutwa. Mwamba ulikuwa mgumu, na mara moja mtambo ukakwama, tukasimama wote tumeshika viuno kama watu waliofika msibani. Nyapara alikuwa akitumwa langoni kupima maji, anarudi, anamnong'oneza mhandisi, na mhandisi anazidi kukaza taya. Dada alikataa kiti. Nilisimama naye. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na kila nilipofumba macho nilikiona kile kivimbe kikigeuka kuwa rundo la mawe. Wakati fulani aliushika mkono wangu, akaukamata kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi, na sikuutoa.

Jua lilikuwa limeanza kulegea mtambo ulipopiga kelele tofauti na chuma kikashuka ghafla. Wamefika kwenye uwazi. Wakazima injini, wakavuta vyuma, wakateremsha kinasa sauti na spika kwenye waya mrefu, na mhandisi akavaa visikilizio. Akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, macho ameyafumba, na sisi tukamsikiliza yeye.

Mara akavivua, akamvisha dada, kisha akachomoa waya mmoja ili sauti itoke nje tusikie sote. Kwanza zilikuja kelele za maji. Halafu kikohozi, cha mtu aliyekula vumbi. Halafu ile sauti ninayoijua, kavu, imekwaruza, ya shemeji yangu anayenitetea sebuleni.

"Nani huyo juu ananimwagia mchanga machoni? Punguzeni basi. Mguu umevunjika, maji yamefika kiunoni, na bado mnanimwagia mchanga."

Mhandisi alimpa dada kipaza sauti. Dada alikishika kwa mikono miwili. Sauti ilipotoka ilikuwa ileile ya uwanjani, ya kunyamazisha shule nzima.

"Ni mimi," akasema. "Lalamika tena. Endelea kulalamika, usinyamaze, mpaka tukufikie."

Shemeji akaanza upya na mchanga.